Santuri za Zamani: Zipi Zibaki, Zipi Ziondoke?



Katika nyumba nyingi za huku kwetu Kimara kuna sanduku ambalo halifunguliwi. Liko uvunguni mwa kitanda cha wageni, au juu ya kabati, au stoo nyuma ya ndoo za akiba ya maji. Ukilifungua utakuta santuri za baba mkwe, za mjomba, au za mzee mwenyewe wa nyumba kabla hajaokoka. Mashine ya kuzipigia ilikwisha kufa siku nyingi, lakini santuri zimebaki. Mwaka 2017, nyumba nyingi za kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilipobomolewa kupisha upanuzi wa barabara, familia zilihamisha vyombo kwa haraka, na masanduku mengi ya namna hiyo yakatoka nje kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi. Tangu hapo swali hili limekuwa likitufikia sisi wa kikundi cha kutembelea wagonjwa: tuzifanye nini nyimbo hizi za dansi? Tuzitunze, tuzigawe, tuziuze, au tuzichome moto?

Tuanze na moto, kwa kuwa ndio unaopendekezwa mara nyingi. Wanaoshauri kuchoma hutukumbusha habari za Efeso katika Matendo ya Mitume sura ya 19, ambako waamini wapya walichoma vitabu vyenye thamani ya vipande elfu hamsini vya fedha. Tuisome habari ile vizuri. Vilikuwa vitabu vya uganga, na waliovichoma ndio hao hao waliokuwa wakivitumia. Hatusomi popote kwamba mtu aliingia chumbani mwa mama mkwe wake akatoa vitu vyake akavitia kiberiti.

Halafu kuna jambo la afya, ambalo sisi wauguzi hatuwezi kulinyamazia. Santuri za miaka ya 60 na 70 zimetengenezwa kwa plastiki iitwayo PVC, ndugu yake mabomba ya maji yale magumu. Ikichomwa, hutoa hewa yenye asidi inayowasha macho na koo na kubana kifua, pamoja na sumu ziitwazo dioksini ambazo hukaa muda mrefu kwenye udongo na kuingia hata kwenye mayai ya kuku wanaodonoa hapo uani. Mama mwenye mtoto wa pumu akichoma santuri thelathini nyuma ya jiko, usiku huo anaweza kujikuta akitafuta usafiri wa kwenda hospitali. Basi hata wewe ambaye umeamua kwa dhamiri safi kwamba hutaki hata moja nyumbani mwako, tafadhali usichome.

Sasa tuseme kidogo juu ya vitu vyenyewe, maana huwezi kuhukumu usichokijua. Mabinti zetu wengi hawajapata kuishika santuri hata siku moja.

Muziki wa dansi haukuletwa jana. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Uingereza ya HMV ilianza kuleta Afrika santuri za mfululizo ulioitwa GV, zenye muziki wa Cuba, na wazee wetu wa pwani na wa bara wakazipenda mno. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Baadaye kila mji uliojiheshimu ukawa na bendi yake: Tanga walikuwa na Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, Tabora walikuwa na Tabora Jazz na Kiko Kids, Morogoro walikuwa na Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Hapa Dar es Salaam, mwaka 1964, chama cha wafanyakazi kilianzisha NUTA Jazz, ambayo baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na leo tunaiita Msondo Ngoma. Kwa hiyo mzee aliyekuwa akinunua santuri hizi hakuwa lazima mlevi wala mhuni. Mara nyingi alikuwa karani, fundi wa reli au mwalimu, mtu mwenye mshahara mdogo aliyejinyima ili apate santuri moja mwisho wa mwezi.

Zile nzito zinazovunjika kama sahani ya udongo ndizo za zamani kabisa, za mwendo wa 78, zilizotengenezwa kwa utomvu wa wadudu fulani wa Asia. Zile nyepesi ndogo zenye tundu kubwa katikati ni za mwendo wa 45, na kila upande hubeba dakika chache tu. Ndiyo maana wimbo mmoja mrefu hukatwa katikati, ukaugeuza ili usikie sehemu ya pili. Utaona nyingi zina majina ya Polydor au Philips na zimetoka Nairobi. Sababu ni kwamba kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zilisafiri kwenda Kenya kurekodi, na santuri zikarudi dukani huku. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka ukafungwa, njia hiyo ilibanwa sana. Mlimani Park ilianzishwa mwaka 1978, na nyimbo nyingi za bendi za miaka hiyo tulizisikia Redio Tanzania, zikiwa zimerekodiwa kwenye kanda katika studio za redio yenyewe. Kwa hiyo sanduku la mzee wako likiwa na santuri za Kitanzania, yamkini nyingi ni za kabla ya mwaka 1977, na baadhi hazipatikani tena kwa urahisi.

Je, maneno yake? Hapa ndipo penye kazi. Zipo nyimbo za kuwaasa vijana, za misiba, za kusifu kazi ya shamba, za uhuru. Mbaraka Mwinshehe aliimba juu ya kifo cha Dk. Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa siku ya Krismasi mwaka 1971. Wimbo ule ni historia ya nchi. Zipo za mapenzi yenye adabu ambazo mume anaweza kumwimbia mkewe mbele ya watoto. Zipo pia zinazomsema mwanamke kwa kila ubaya: yeye ndiye mpenda fedha, yeye ndiye mchawi, yeye ndiye aliyevunja nyumba, na bwana aliyekuwa akilala nje wiki nzima hatajwi. Hizo, kwa maoni yetu, zina haki ya kutoka nyumbani hata kama gitaa lake ni tamu kiasi gani. Binti husikia, na huamini.

Lakini tuseme kweli. Maneno mengi yanayotoka leo kwenye simu za watoto wetu, tena tukiwa tumekaa nao sebuleni, hayangeruhusiwa kupigwa na redio ya wakati ule. Tunapiga kelele juu ya sanduku la babu huku simu ikiimba mezani. Na wale wanaosema gitaa la dansi lenyewe ndilo dhambi, tunawaomba wasikilize kwaya zetu siku ya tamasha. Solo, ridhimu na besi ni zile zile, na mwisho wa wimbo watu huchezeshwa hivyo hivyo. Ukifumba macho, usiposikiliza maneno, hutajua uko kanisani au uko kwingine.

Wapo hata wanamuziki wenyewe waliovuka. Cosmas Chidumule, aliyetunga wimbo wa "Neema" alipokuwa Mlimani Park, aliacha dansi akawa mwimbaji wa Injili. Remmy Ongala, ambaye kituo cha basi pale Sinza bado kinaitwa kwa jina lake, naye aligeukia nyimbo za Injili miaka ya mwisho kabla ya kufariki Desemba 2010. Sisi tuliokuwa tukisomea uuguzi wakati UKIMWI ukimaliza watu wodini tunamkumbuka Remmy kwa jambo lingine. Wimbo wake wa "Mambo kwa Soksi" ulisema waziwazi juu ya kujikinga, na Redio Tanzania haikuupiga. Wengi makanisani walichukizwa nao. Sisi tuliokuwa tukibadilisha mashuka ya vijana wa miaka ishirini na mitano hatukuweza kuchukizwa sana.

Tuwasimulie sasa nyumba moja, hapa hapa Kimara, upande wa mabondeni. Tumepewa ruhusa kusimulia, bila majina.

Bibi wa nyumba hiyo amepita miaka sabini na mitano. Alipata kiharusi, mkono na mguu wa kulia ukalegea, na usemi ukaondoka. Anaelewa kila kitu. Ukimwuliza kama ana kiu atatikisa kichwa, lakini neno lenyewe haliji. Anahangaika, machozi yanamtoka, kisha ananyamaza. Anaishi na binti yake, mama wa watoto watatu, mwombaji hodari na mwenzetu kanisani. Tulikuwa tukienda kila Alhamisi, watu watatu, kumpima presha, kumnyoosha viungo na kuomba naye.

Alhamisi moja tulikuta sanduku la bati katikati ya ukumbi. Lilikuwa la marehemu mume wa Bibi, aliyefanya kazi Tanga miaka ya 60, nalo lilikuwa na santuri zipatazo arobaini. Binti alikuwa amesikia mahubiri juu ya vitu vya kale vinavyofunga familia, na alikuwa na hofu ya kweli kwamba ugonjwa wa mama yake una mizizi humo. Tusimcheke. Mtu anayemuuguza mama yake mwezi wa saba, analala saa nne kwa usiku, atatafuta sababu popote. Kaka yake alikuwa amekuja kutoka Temeke, naye hataki hata moja iguswe. "Hizi ni mali ya mzee," akasema. Binti akamjibu, "Kaka, mzee hayupo. Mimi ndiye ninayelala na mama." Wakatugeukia sisi tuamue.

Tulikataa kuamua. Tuliwauliza: mwenye vitu hivi ni nani sasa? Mume amefariki, mke yuko hai, tena yuko pale kwenye kiti anawatazama. Wote wawili walinyamaza. Kwa muda wote ule wa mabishano hakuna aliyekuwa amemwuliza Bibi, kwa sababu Bibi hasemi. Hili, akina mama, tunaliona katika nyumba nyingi za wagonjwa wa kiharusi. Mtu akipoteza maneno, watu hudhani amepoteza na akili. Kumbe unaweza kumwuliza maswali ya ndiyo na hapana, unaweza kumpa vitu achague kwa mkono ulio mzima, mradi umpe muda. Umpe muda, tunarudia, maana wengi huuliza swali na kulijibu wenyewe.

Mjukuu wa kiume, aliyekuwa kidato cha nne, ndiye aliyepata mashine. Aliiazima kwa mzee mmoja wa Temeke, jirani wa mjomba wake, mpenzi wa Msondo tangu ujana. Wiki iliyofuata tulikaa wote. Kijana alikuwa akiinua santuri moja moja mbele ya Bibi, akisoma jina la bendi. Bibi akiigusa, inapigwa. Akitikisa kichwa, inawekwa kando bila kupigwa.

Ilipopigwa moja ya Morogoro Jazz, ilikwaruza kwanza, halafu magitaa yakaingia, na Bibi akaanza kuguna kufuata sauti. Ilipofika kiitikio, aliimba. Maneno, si sauti tu. Hayakuwa yote, na mengine yalikuwa yamepinda, lakini yalikuwa maneno ya Kiswahili yakitoka kinywani mwa mtu ambaye kwa miezi saba hakuweza kusema jina la binti yake. Binti alisimama akatoka kwenda jikoni. Tulimsikia akifungua maji ya bomba muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Tueleze jambo hili ili mtu asidhani ni muujiza, wala asidhani ni mapepo. Kiharusi kikipiga upande wa kushoto wa ubongo, mara nyingi hulegeza upande wa kulia wa mwili na kuharibu usemi, kwa kuwa kwa watu wengi usemi unategemea upande huo. Lakini kuimba kunatumia pia sehemu nyingine za ubongo, na wimbo uliokaririwa ujanani umekita mizizi mahali pengi. Ndiyo maana wapo wagonjwa wasioweza kuomba maji lakini wanaweza kuimba ubeti mzima. Wataalamu wa tiba ya usemi hulitumia jambo hili: humfundisha mgonjwa kusema maneno ya kila siku kwa kuyaimba polepole, huku akigonga kwa mkono wa kushoto. Si dawa ya kuponya. Bibi hakuanza kuzungumza siku ile. Aliendelea na vidonge vya presha na mazoezi kama kawaida. Ila baada ya wiki kadhaa za kuimba "ma-ji" na "u-ji" kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, aliweza kuomba maji.

Mwenzetu mmoja aliuliza kwa nini tusitumie tenzi. Swali zuri, na tulijaribu. Tenzi zilisaidia pia, maana Bibi amezijua tangu utoto. Lakini wimbo wa siku ile ulikuwa na ujana wake ndani yake, na sisi hatuwezi kumchagulia mtu ujana mwingine.

Uchaguzi wenyewe ulichukua Alhamisi tatu. Bibi alibakiza kumi na moja. Kijana alidhani atachagua zile safi, lakini moja iliyobaki ina mkwaruzo mrefu kiasi kwamba sindano huruka kila mara mahali pale pale. Hiyo aliishika kifuani. Nyingi alizitikisia kichwa bila hisia yoyote, kama mtu anayechambua mchele. Hizo kaka mtu alizichukua kwenda Temeke. Moja tu, ya bendi ambayo hatutaitaja, aliisukuma kwa nguvu ya mkono wa kushoto hadi ikaanguka chini. Kijana alipoiokota na kutaka kuiweka kwenye fungu la mjomba, Bibi alitikisa kichwa tena na tena. Binti akaitazama ile karatasi ya katikati, akamtazama mama yake, akaizungushia gazeti akaipeleka kwenye takataka. Tuliolewa siku nyingi. Tunadhani tunajua ni wimbo wa aina gani, na ulikuwa ukipigwa siku gani mzee akirudi usiku. Hatukuuliza.

Binti bado hapendi muziki ule. Amesema wazi, na ana haki, maana nyumba ni yake pia. Walikubaliana sanduku likae chumbani kwa Bibi, na santuri zipigwe saa za mazoezi, si Jumapili na si wakati wa ibada ya nyumbani.

Kwa wale watakaoamua kubakiza chache, haya machache ya utunzaji. Zisimamishe wima kama vitabu, usizilaze moja juu ya nyingine, na usiziweke karibu na dirisha la jua wala chini ya bati lisilo na dari. Joto la Dar es Salaam huzikunja zikawa kama chapati. Unyevu wa masika huleta ukungu, kwa hiyo mahali pawe pakavu na penye hewa. Zile za plastiki unaweza kuzisafisha kwa maji ya uvuguvugu yenye tone la sabuni laini na kitambaa kisicho na nyuzi, ukizunguka kufuata mistari, bila kulowesha karatasi ya katikati. Zile nzito za zamani usizipake spiriti kamwe, kwani spiriti huziyeyusha. Sindano ya mashine ikiisha ibadilishwe. Sindano butu hulima santuri kama jembe. Na kama unataka nyimbo ziwe kwenye simu, mtafute fundi anayeweza kuziunganisha na kompyuta. Kijana wetu alizipeleka kumi na moja zile Kariakoo, akapanda mwendokasi kutoka Kimara hadi Gerezani na sanduku mapajani, na alikataa kabisa kumwachia fundi alale nazo. Alikaa pale tangu asubuhi hadi jioni zikahamishwa zote.

Andika pia, kwa kalamu kwenye daftari, nani aliinunua na wapi, kama mwenye kujua yu hai. Bendi zina watu wa kuziandikia. Habari za mzee wako kupanda treni na santuri mbili kwenye gazeti hazina mwingine wa kuziandika.

Mwezi ujao, kwa kuwa wengi mmetuomba, tutaendelea na mgonjwa wa kiharusi nyumbani: namna ya kumgeuza asipate vidonda, kumlisha asipaliwe, na dalili za kumkimbiza hospitali bila kungoja asubuhi.